Mdhamini Asiyeuliza

Ndugu zangu, hebu tuzungumze habari ya nyumba moja ninayopakana nayo. Mimi ni msusi. Saluni yangu imepeana mgongo na karakana ya fundi wa makochi, na kinachotutenganisha ni ukuta wa mbao nyembamba, kiasi kwamba mtu akipiga chafya kule, huku mimi namwombea afya. Najua mtasema mimi ni mdaku. Semeni tu, nimezoea. Anayeshinda kutwa na vichwa vya watu mapajani mwake hawezi kukosa habari. Lakini hii siileti ili tucheke, ingawa kuna mahali mtacheka. Naileta kwa sababu yaliyompata Fundi yalipitia mikononi mwetu sote mtaani.

Mchana ule mtaa ulikuwa umetulia. Jua lilikuwa kali, watu walikuwa wamekwisha kula, na redio ya karakana ilikuwa inaimba kwa sauti ya chini. Mke wa Fundi alikuwa amekaa kwangu namsuka. Alikuwa na mimba changa na tayari harufu ya gundi ya mumewe ilikuwa inamchefua, ndiyo maana alipenda kushinda upande wangu. Fundi mwenyewe alikuwa ametoka kunyoosha miguu, kama ilivyokuwa kawaida yake baada ya chakula. Sisi wawili tulikuwa tunabishana juu ya jina la mtoto. Nilipendekeza langu, akacheka mpaka nikapoteza mstari wa nywele.

Mara tukasikia watu wanapiga kelele za moto.

Mwisho wa mtaa wetu kulikuwa na ghala la sponji, la tajiri mmoja ambaye sote tulimwita Bwana Sponji. Mafundi wote wa makochi walinunua kwake. Sasa sponji haiungui kama kuni. Inayeyuka, inatoa moshi mweusi unaokaba koo, na moto wake hauna huruma. Ndani alikuwemo mtunza ghala, mtu mpole asiye na maneno mengi, amejilaza juu ya masponji yake kama alivyozoea mchana. Vijana walimtoa wakiwa wamejifunga vitambaa vya maji usoni. Alitoka hai, lakini mikono na kifua vilikuwa vimeungua vibaya. Akapelekwa hospitali kubwa, ile iliyo ng'ambo ya daraja.

Moto haujapoa, minong'ono ikaanza. Siku chache kabla ya hapo, Fundi na Bwana Sponji walikuwa wamegombana hadharani. Fundi aliuziwa sponji kuukuu iliyofunikwa kipande kipya juu, mteja akamrudishia kochi limebonyea, na hasira ikampanda. Alisimama mlangoni pa ghala akasema, na mtaa mzima ukisikia: "Hili ghala lako litakutokea puani." Ni maneno ya hasira, nani kati yetu hajawahi kuyasema? Lakini ghala lilipoungua, kila aliyeyasikia aliyakumbuka. Kisha mama mmoja muuza matunda akasema alimwona Fundi nyuma ya ghala muda mfupi kabla ya moshi. Polisi wakaja, wakamchukua. Mashtaka yalikuwa mazito: kuchoma jengo kwa makusudi na kumsababishia mtu majeraha makubwa.

Nikawaza, huyo ndiyo basi, tutamwona baada ya miaka. Kumbe sijui kitu.

Wakili wa Fundi aliomba dhamana. Mimi siku hiyo nilifunga saluni, nikaenda mahakamani. Nilijiambia nakwenda kumshika mkono mke wa Fundi, na ni kweli nilimshika, lakini mkono mmoja tu. Masikio yote mawili yalikuwa kwa hakimu. Mwendesha mashtaka alipinga, akasema kosa ni kubwa na majeruhi bado yuko kitandani. Hakimu, mama mmoja wa makamo mwenye miwani inayoning'inia kifuani, alisikiliza pande zote. Akauliza kama mshtakiwa ana makazi yanayojulikana, kama amewahi kuwa na kesi, kama kuna mtu wa kumdhamini. Hapo ndipo akasimama Mama Mkwe.

Huyu ni mama mzazi wa mke wa Fundi. Mtaa mzima tunamwita Mama Mkwe, kana kwamba sote tumeoa kwake. Ni mjane, mstaafu wa jikoni katika shule ya bweni, ana nyumba yake ndogo aliyoijenga kwa jasho lake. Alikuwa amebeba hati ya nyumba hiyo ndani ya mfuko wa plastiki, akaitoa, akaiweka mezani kwa karani.

Hakimu akatoa dhamana, na masharti yake akayasoma: Fundi asitoke nje ya wilaya bila ruhusa ya mahakama, aripoti polisi kila Jumatatu, asiwasogelee mashahidi wala majeruhi, yeye mwenyewe wala kwa kumtuma mtu. Na mwisho wa wilaya yetu ni pale kwenye daraja.

"Mshtakiwa, umeelewa?"

"Nimeelewa, mheshimiwa."

"Mdhamini, unaelewa kwamba mtu huyu sasa yuko mikononi mwako?"

"Naelewa, mheshimiwa," alisema Mama Mkwe, akiwa ameinamisha uso.

Mtaani hawakuelewa. Jioni ile ile watu waligawanyika makundi. Wako waliosema amehonga. Wako waliosema ameshinda kesi. Wengine wakasema Mama Mkwe ana jamaa yake mkubwa serikalini, huyo jamaa wakampa mpaka cheo na aina ya gari. Mimi sikuwa na kundi, nilikuwa na maswali tu. Kwa bahati, mmoja wa wateja wangu ni karani wa mahakama, na kichwa chake kilifika mapajani mwangu wiki ile ile.

"Dada," nilimwambia, "mtu kachoma ghala na mwenzie ndani, nyinyi mnamwachia aende kulala kwake?"

"Nani kakwambia kachoma?"

"Si ameshtakiwa?"

"Kushtakiwa ni kuulizwa. Mashahidi bado hawajasema, naye bado hajajibu."

"Sasa hiyo dhamana ni ya nini?"

"Hakimu anajiuliza mambo machache. Huyu nikimwacha nje, siku ya kesi atakuja? Na huko nje atawaacha mashahidi kwa amani? Basi. Kama alifanya au hakufanya, hilo lina siku yake."

"Na mdhamini?"

"Mdhamini ndiye anayeiambia mahakama, huyu namjua, nitamwangalia, atakuja. Kwa hiyo anatakiwa amjue kweli, ajue anakwenda wapi na anarudi lini. Taratibu hapo nyuma, unanivuta."

Nililegeza mkono. Maneno yake niliyaweka moyoni, nikaanza kuitazama ile nyumba kwa jicho lingine.

Mama Mkwe aliichukua kazi yake kwa uzito. Alifunga nyumba yake, akahamia kwa binti yake ili amwangalie mtu aliyemdhamini. Na hapo ndipo pa kucheka. Mnajua wenyewe mambo ya mtu na mkwewe. Tangu Fundi amwoe binti yake, wale wawili hawajawahi kukaa meza moja wala kutazamana usoni. Fundi akikaribia mlango anakohoa kwanza, ili Mama Mkwe apate nafasi ya kujivuta chumbani. Mama Mkwe akiwa uani, Fundi anapita nyuma ya nyumba akizunguka kama anayetafuta kuku. Hawakuchukiana hata kidogo. Waliheshimiana kupita kiasi. Sasa mwambie mtu wa namna hiyo awe mlinzi. Alikuwa anamlinda mtu asiyeweza kumtazama.

Kwa hiyo kila neno lilipitia kwa binti.

"Mwambie mwenzio maji ya kuoga tayari," Mama Mkwe alisema, na Fundi amesimama hatua chache kutoka hapo, anasikia kila herufi.

"Mama anasema maji tayari," mkewe alisema.

"Mwambie nimeshukuru," Fundi alijibu.

Mimi nyuma ya ukuta wangu nilikuwa najiuma midomo nisicheke. Lakini siku moja kicheko kiliniishia. Nilimuuliza Mama Mkwe, tulipokuwa tunaanika nguo pamoja: "Mama, na wewe umeweka nyumba yako. Umewahi kumuuliza kama alifanya?"

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa avue nguo barabarani.

"Nimuulize mkwe wangu kama ni mhalifu?"

"Basi muulize mengine. Anashinda wapi, anafanya nini."

"Mwanamume hafuatwi fuatwi na mama wa mkewe," alisema, akabana nguo kwenye kamba. "Heshima yake itabaki wapi?"

Hata mimi nimelelewa hivyo hivyo.

Wakati huo, jamani, sisi majirani tulikuwa tunafanya yetu. Siku za mwanzo watu walimiminika karakana kwa visingizio. Huyu analeta kiti kizima kabisa anasema kinalia. Yule anakuja kuulizia bei ya kochi ambalo hana hata sebule ya kuliweka. Wote walitaka kumwona mtu wa moto, watazame mikono yake, warudi kusimulia. Walipokwisha kumwona, wakaacha kuja. Wateja wa kweli nao wakahamia kwa mafundi wengine. Mwenye hoteli mmoja alirudi kuchukua viti vyake vikiwa vimevuliwa vitambaa, akaviondoa uchi vile vile, akisema hataki jina lake lihusishwe. Nyundo ya Fundi ikawa inasikika mara moja moja, kisha ikanyamaza. Sijui kama mmewahi kuona mtu mwenye mikono myepesi akikosa kazi. Alikuwa anafagia karakana safi, anaifagia tena.

Nilimsikia akimwambia mkewe: "Nakula chakula cha mama yako, nalala chini ya dhamana ya nyumba ya mama yako. Hii nyumba imekuwa rumande yenye mapazia."

Mkewe alilia. Baadaye alinieleza kwamba tangu siku ile alikuwa na hofu moja tu, kwamba mumewe akizidi kubanwa ataondoka asirudi. Kwa hiyo akaanza kuchuja maneno ya mama yake kabla ya kuyafikisha, na ya mumewe vile vile. Alidhani anailinda nyumba.

Ng'ambo ya daraja kulikuwa na ukumbi mkubwa wa mikutano unaofanyiwa ukarabati, na viti vyake vyote vilihitaji vitambaa vipya. Kule hakuna aliyemjua Fundi. Walimwona ni fundi, wakampa kazi. Akaanza kuondoka asubuhi na begi lake la vifaa, akirudi jioni ana uchovu mzuri usoni, ule wa mtu aliyefanya kazi. Kwa mkewe alisema kazi iko upande wa sokoni. Mke hakuuliza soko gani.

Lakini Mama Mkwe hakuwa mtoto. Aliona suruali za mkwewe zina nyuzi za velveti nyekundu, na mtaani kwetu velveti nyekundu haiuzwi. Siku nyingine alimsikia Fundi akimwambia mkewe kwamba foleni ya darajani imemchelewesha, kisha akageuza maneno haraka. Mama Mkwe aliyaelewa masharti vizuri kuliko wote. Aliingiwa na wasiwasi mpaka akakosa usingizi, nami niliona macho yake yalivyovimba. Angeweza kusimama mlangoni asubuhi akasema, "Baba, usivuke daraja." Hayo tu. Badala yake alimwita binti yake jikoni.

"Mwambie mwenzio," alisema, "kule ng'ambo si pa kwenda."

"Nitamwambia, mama."

Jioni nilisikia kwa masikio yangu, ukuta ule ule. Binti alimwambia mumewe: "Mama anakupa pole ya kazi. Anasema usichoke sana."

"Mwambie nimeshukuru," akajibu Fundi.

Wiki ikapita. Mama Mkwe akadhani ujumbe umefika na mkwe ameupuuza, basi akanyamaza kwa uchungu. Fundi akadhani mama hajui lolote, na anamheshimu kwa kutomchunguza. Mke yuko katikati, tumbo linakua, anatabasamu huku na huku. Kila Jumatatu Fundi aliripoti polisi bila kukosa, anatia sahihi, kisha anapanda gari la kuelekea darajani.

Aliyemwona alikuwa dereva wa Bwana Sponji, aliyepeleka mzigo mjini kule. Alipita mbele ya ukumbi, akamwona kupitia dirishani. Kesho yake askari mpelelezi aliingia ukumbini, akamkuta Fundi amepiga magoti mbele ya kiti, misumari midogo imejaa mdomoni kama wanavyofanya mafundi wa makochi. Aliulizwa jina lake, akashindwa kujibu. Ilibidi aitemee misumari kiganjani, mmoja mmoja, ndipo aseme kwamba ndiye.

Na sasa sikilizeni ubaya wa jambo. Ukumbi ule uko barabara moja na hospitali kubwa. Kutoka mlango wa ukumbi unaiona wodi alikolazwa mtunza ghala.

Mahakama ilijaa kuliko siku ya kwanza. Mtaa mzima ulihamia pale, hata wale ambao hawajawahi kufika mahakamani walikuja na watoto. Mwendesha mashtaka aliomba dhamana ifutwe. Fundi alikiri kuvuka, akasema alifuata kazi, na hakwenda hospitali hata siku moja. Hakimu akavaa miwani yake, akamtazama Mama Mkwe.

"Mdhamini, simama. Ulijua kwamba mshtakiwa anavuka daraja?"

Wakili wa Fundi alimwangalia kwa macho ya kumsihi. Angeweza kusema hakujua, na nani angembishia?

"Nilijua, mheshimiwa."

"Ulifanya nini?"

"Nilimwambia binti yangu amwambie."

"Mshtakiwa mwenyewe ulimwambia nini?"

"Mheshimiwa, yule ni mkwe wangu."

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka. Alisubiri tunyamaze, akasema kwa upole, na nadhani upole ule ndio uliotuumiza: "Mama, mahakama hii haikumkabidhi mshtakiwa kwa mke wake. Ilimkabidhi kwako, kwa sababu wewe ulisema utamwangalia."

Binti akaanza kulia kwa sauti. Alisimama bila kuitwa, akasema ni yeye, ni yeye aliyeuzuia ujumbe wa mama yake, mumewe hakuupata. Fundi aligeuka kumtazama mkewe. Nilimwona anavyojaribu kuelewa, anarudisha nyuma siku zote zile za "mama anakupa pole". Kisha, polepole, akageuza uso kwa Mama Mkwe. Na Mama Mkwe hakukimbiza macho. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ndoa ile ifungwe.

"Baba," alisema Mama Mkwe, "lile ghala ulilichoma?"

Jamani! Sote tulinyoosha shingo. Swali lile tulikuwa tumelitafuna mtaani kwa miezi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuliuliza mbele ya mwenyewe. Fundi alifungua mdomo.

"Usijibu," hakimu alisema. "Mama, swali hilo si la leo. Lina siku yake, na mahakama italiuliza kwa utaratibu wake. La kwako lilikuwa dogo kuliko hilo. Ulitakiwa kumuuliza tu, unakwenda wapi, na unarudi lini."

Mama Mkwe akakaa.

Hakimu alieleza uamuzi wake. Mshtakiwa hakutoroka, ameripoti kila Jumatatu, kwa hiyo nyumba ya mdhamini haitaguswa na hati yake arudishiwe. Mahakama haisemi kwamba alimwendea majeruhi, kwa sababu haijui. Lakini aliahidi kutovuka, akavuka, akafanya kazi mahali penye majeruhi, na aliyeahidi kumwangalia aliona akanyamaza. Mahakama haiwezi kuendelea kuamini ahadi ambayo walioitoa hawakuishika. Dhamana imefutwa. Mshtakiwa atakaa rumande mpaka kesi yake iishe.

Askari walipompitisha karibu na benchi letu, Fundi alisimama mbele ya mama wa mkewe. Hakukohoa wala hakutafuta njia ya kuzunguka.

"Mama, nisamehe," alisema. "Niangalizie mke wangu."

"Ungeniambia kazi imekosekana, baba," Mama Mkwe alisema. "Ningekwenda na wewe kwa hakimu tukaombe ruhusa."

"Inaombwa?"

"Inaombwa. Karani aliniambia. Nilimwambia binti akwambie na hilo pia."

Walimchukua. Mimi nilitazama chini, kwa sababu niliona haya kuwepo pale nikisikiliza maneno ambayo yalikuwa yao.

Mtoto amezaliwa, ni wa kike, ana mashavu ya babake. Amemwona baba yake kupitia wavu wa chuma. Siku za kuona mahabusu Mama Mkwe hakosi. Anakaa upande huu, Fundi upande ule, na wale watu waliokuwa hawawezi kuambiana habari za maji ya kuoga sasa wanazungumza mpaka askari anagonga kuwaambia muda umekwisha. Wanazungumza habari za mtoto, za karakana, za kesi. Mke wa Fundi anakaa kando na mwanawe, hana tena ujumbe wa kubeba.

Sasa najua mnachotaka kuniuliza, kwa sababu hata mimi kilinikereketa mpaka nikashindwa. Nilimwendea Mama Mkwe nikamwambia: "Mama, umekwisha kumuuliza lile?"

"Nimemuuliza."

"Akasemaje?"

Alimpakata mjukuu wake vizuri, akanitazama moja kwa moja, siku hizi anawatazama watu hivyo.

"Amenijibu mimi," alisema. "Wewe subiri hakimu."

Nimesubiri, nami bado nasubiri. Kama alichoma au hakuchoma, ndugu zangu, sijui.

MAFUNZO YA HADITHI HII

Mtu akirudi mtaani kwa dhamana, tusiseme ameshinda wala tusiseme amehonga. Hajahukumiwa, na kazi ya kumhukumu si yetu. Sisi tulimtazama Fundi mpaka tukachoka, tukaenda kwa mafundi wengine, tukamwacha bila kazi. Mtaa ungempa kazi, asingeitafuta ng'ambo. Daraja alilivuka mwenyewe, ndiyo, na kosa hilo ni lake, lakini tulimsogeza mpaka karibu nalo.

Nawe uliyedhaminiwa, masharti yakikubana rudi mahakamani uombe, usijifungulie mwenyewe. Na unayetumwa maneno kati ya watu wawili, yafikishe kama yalivyo, hata kama ni machungu. Utamu uliotia wewe ndio utakaowaharibia.

Lakini zaidi nasema na wewe unayemdhamini mtu, awe mkwe, kaka, au rafiki. Hati ya nyumba haimlindi mtu. Anayemlinda ni wewe, kwa kumuuliza usoni anakwenda wapi na anarudi lini, na kumwambia usoni pale anapokosea. Utaona haya. Muulize hivyo hivyo na haya zako. Heshima inayowafunga watu midomo nyumba ikiwaka mbele yao si heshima tena, ni woga tuliouvalisha nguo nzuri.

Kesi ya Fundi itasikilizwa tena mwezi ujao. Huenda ana hatia, huenda hana, na siku hiyo mashahidi watasema. Lakini atapanda kizimbani akitokea rumande, wakati angeweza kutokea nyumbani kwake, amembeba mtoto wake mpaka mlangoni pa mahakama.